Sahani ya Neema: gumzo la kikundi cha familia, Bukavu

Mama Neema: Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Neema amelala, sukari yake ya damu sasa hivi ni 134, kwa hiyo mtu yeyote asikeshe kwa ajili yake. Naomba niandike kwa urefu kidogo kuhusu yaliyotokea leo mchana kule Bagira, kwa sababu nimeona kwamba sisi sote tunampenda mtoto huyu, lakini hatujaelewana kuhusu chakula cha mtoto mwenye ugonjwa wa sukari.

Nilimchoma insulini saa sita na nusu, kama kawaida, nusu saa kabla ya kula, kisha nikatoka kwenda kumwona mgonjwa mtaa wa pili. Nilijua kwamba saa saba atakula bugali, sombe (majani ya muhogo) na sambaza (samaki wadogo wa ziwa letu) kama watoto wengine. Niliporudi saa tisa nilimkuta ameketi pembeni ya mlango, shati limelowa jasho, na nilipomuuliza jina la binamu aliyekuwa karibu naye alinitazama tu kama mtu anayetafuta neno lililomponyoka. Nilipompima, mashine ilisoma 48, yaani sukari imeshuka mno. Nilikoroga vijiko vinne vya chai vya sukari katika maji, akanywa. Baada ya dakika 15 ilikuwa 66, nikampa vijiko vingine viwili, ikafika 92, ndipo nikamlisha bugali. Mikono yangu ilitetemeka kuliko ya kwake.

Shangazi wa Bagira: Mama Neema, nimesoma huku machozi yananitoka. Nilimnyima bugali mimi mwenyewe. Nilimjazia sahani sombe na samaki, nikamwambia kwamba bugali ni sukari na kwamba mimi shangazi yake siwezi kumpa sumu kwa mkono wangu. Niliamini kwamba ninamlinda.

Mama Neema: Shangazi, najua hivyo, na hakuna hata mmoja anayekulaumu. Kosa ni langu, kwa kuwa niliondoka bila kueleza. Insulini ikishaingia mwilini haingoji kuona kama chakula kimekuja. Inaendelea kuishusha sukari, na ile ya kawaida anayochomwa mchana hupata nguvu zake zote baada ya saa mbili hadi nne. Sombe na sambaza ni chakula kizuri sana, ila sambaza hana wanga kabisa, yaani kile kinachogeuka sukari mwilini, na sombe ina kidogo, hivyo insulini ile ilikosa cha kufanyia kazi.

Baba Mkubwa: Poleni sana. Hata hivyo niruhusuni niseme ninavyoona. Mimi mwenyewe nina ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi sasa. Daktari aliniambia nipunguze bugali, mkate, wali na vinywaji vitamu, nami nilipopunguza, sukari ilishuka na mwili ukawa mwepesi. Tena nimesikiliza mafundisho katika simu ya mtu anayesema kwamba mgonjwa akiondoa wanga wote katika chakula chake, hatahitaji sindano tena. Kwa nini tusimjaribishie mtoto? Kumchoma kila siku kunaniumiza moyo.

Yaya wa Goma: Baba Mkubwa, shikamoo. Nimetoka zamu sasa hivi, nami naomba nijibu kama muuguzi na kama mama mkubwa wa mtoto.

Jina la ugonjwa wako na la ugonjwa wa Neema ni moja, lakini magonjwa yenyewe ni mawili. Wewe una aina ya pili: kongosho lako bado linatengeneza insulini, ila mwili hauitikii vizuri, na ndiyo maana vidonge pamoja na kupunguza bugali vimekusaidia. Neema ana aina ya kwanza. Kinga ya mwili wake imeziharibu zile chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, na leo hakuna jani, mzizi wala mlo unaoweza kuzirudisha. Insulini kwake si dawa ya kumsaidia chakula kupita, bali ni kitu ambacho mwili wa kila mmoja wetu unakitoa mchana na usiku bila sisi kujua. Hata asipokula chochote, ini lake hutoa sukari katika damu, nayo bila insulini haiwezi kuingia katika misuli. Mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake, damu inajaa asidi, mtoto anatapika, anapumua kwa nguvu na kwa kina, pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, na asipofikishwa hospitali anaweza kufa katika siku chache.

Hilo la kuondoa wanga wote lilikwisha kujaribiwa, Baba Mkubwa, kabla insulini haijapatikana. Watoto wenye aina ya kwanza walilishwa kidogo sana ili waishi miezi michache zaidi, wakabaki mifupa na ngozi. Mtu wa kwanza kuchomwa insulini, mwezi wa Januari 1922 kule Toronto, Kanada, alikuwa kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, na alikuwa na uzito wa kilo 29 hivi. Nimemtaja kwa sababu Neema ana miaka 11 na kilo 33, na kila ninapompima uzito wakati wa likizo namkumbuka kijana yule. Mtoto anayekua anahitaji wanga. Wataalamu wa kisukari cha watoto wanapendekeza kwamba karibu nusu ya nguvu anazozipata mtoto kwa siku zitokane nao, na hawashauri kuuondoa.

Baba Mkubwa: Nimeelewa, na asante kwa kunieleza bila kunifokea. Sikujua kwamba ni magonjwa mawili. Mafundisho yale nilikuwa nimeyatuma pia kwa baba yake Neema, nitamwambia ayafute.

Koko (anaandikiwa na mjukuu): Wajukuu zangu, mimi nina neno ambalo limekaa kifuani tangu mwaka jana. Neema alipokuwa mdogo, alipolala kwangu, nilimpa chai yenye sukari nyingi na asali kutoka Idjwi. Nataka kuambiwa ukweli. Je, ni mimi niliyemtia ugonjwa huu?

Mama Neema: Hapana, Koko. Hapana kabisa. Aina ya kwanza haiji kwa kula sukari. Hata daktari aliyemlaza siku ile ya kwanza alinieleza jambo hilo kabla sijauliza, kwa kuwa alisema kila mama anayefika pale huwa amebeba swali hilo. Asali yako haikufanya ubaya wowote. Tafadhali ulitoe jambo hili kifuani, nasi tutakuja kukuona Jumamosi.

Yaya wa Goma: Mama amesema kweli, Koko.

Baba Mdogo wa Lubumbashi: Nami nawasalimu kutoka huku. Nisaidieni: Neema atakuja kwetu wakati wa likizo, na sisi nyumbani tunakula bukari, ndilo bugali lenu, mchana na jioni. Nitajuaje kiasi cha kumpa? Muuguzi wa hapa mtaani alinitajia gramu za wanga, lakini nani anayepima bukari kwa gramu?

Mama Neema: Mimi ninapima, Baba Mdogo, na si kazi ngumu kama inavyosikika. Nilinunua mizani ndogo ya jikoni Kadutu, ile ya kutumia betri. Jumapili moja nilipima unga kabla ya kuusonga: kilo moja, mchanganyiko wetu wa muhogo na mahindi. Katika kilo moja ya unga kama huo mna wanga wa gramu 800 hivi. Nilipomaliza kusonga, niliweka bugali lote juu ya mizani, likawa na kilo 2 na gramu 800, kwa sababu ya maji. Basi kila gramu 100 za bugali langu zina wanga wa gramu 28 au 29. Yule anayesonga bugali laini atapata maji zaidi kidogo na wanga pungufu, na anayesonga gumu atapata kinyume chake, kwa hiyo kila mama apime la kwake mara moja, kisha atumie hesabu hiyo daima.

Kwa mlo wa mchana, daktari amempangia Neema wanga wa gramu 60 hivi, na insulini yake imepangwa kwa kiasi hicho. Hiyo ni gramu 200 za bugali pamoja na mboga. Siku ya wali, ni gramu 200 za wali uliopikwa. Makemba (ndizi za kupika) ya kuchemsha hayapishani sana na hayo, na viazi vya kuchemsha anaweza kula hadi gramu 300, kwa kuwa vina maji mengi. Mwanzoni nilipima kila siku, na sasa macho yangu yamezoea donge la bugali la Neema. Bado napima mara mbili kwa juma, kwa sababu macho husahau.

Baba Mdogo wa Lubumbashi: Na maharage? Hapa watu wanasema maharage hayahesabiwi.

Yaya wa Goma: Yanahesabiwa, lakini kwa namna yake. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina wanga wa gramu 40 hivi, ila karibu theluthi moja yake ni nyuzinyuzi ambazo hazigeuki sukari, na kilichobaki kinaingia katika damu polepole. Mwambie daktari wa huko akuoneshe jinsi ya kuyahesabu pamoja na bukari. Karanga na parachichi zinapandisha kidogo sana. Matunda anakula, tena vizuri: kipande cha papai, embe dogo, ndizi moja. Ndizi iliyoiva sana hupandisha sukari haraka kuliko ile ngumu.

Mama Neema: Niongeze jambo moja nililoliona katika daftari langu, kwani ninaandika kila kipimo. Asubuhi aliyokunywa uji wa masoso (unga wa mahindi, mtama na soya) uliosagwa laini, saa mbili baadaye tulipata 260. Asubuhi aliyokula viazi vitamu na maharage, kwa insulini ileile na wanga uleule kadiri nilivyoweza kuhesabu, tulipata 170. Nilirudia siku nyingine nne na tofauti ilibaki. Sikuuondoa uji, maana anaupenda, bali ninampa kikombe kidogo pamoja na yai. Vijikaratasi vya kupimia ni ghali, nami ninavitumia hivyo: siku chache za kujifunza chakula kimoja, kisha ninaamini nilichojifunza.

Shangazi wa Bagira: Na vinywaji vya chupa? Siku ya ubatizo watoto wote walipewa, yeye peke yake akapewa maji, na niliona jinsi alivyoyatazama maji yale.

Yaya wa Goma: Chupa moja ndogo ya kinywaji kitamu ina wanga wa gramu 35 hivi, na yote inafika katika damu ndani ya dakika chache, mbele ya insulini. Kwa hiyo si kinywaji cha mlo wake. Lakini sukari ikishuka chini ya 70, nusu kikombe cha kinywaji hicho ndiyo tiba: gramu 15, kungoja dakika 15, kupima tena. Wakati huo msimpe karanga wala chokoleti, maana mafuta yanachelewesha sukari. Na kama amepoteza fahamu, msimmiminie kitu chochote mdomoni. Mlazeni kwa ubavu na mumkimbize hospitali.

Baba Mdogo wa Lubumbashi: Kuna jambo ninaona haya kuliuliza. Mnajua kazi yangu. Ziko siku ambazo chakula cha mchana kwangu kinakuja jioni.

Yaya wa Goma: Usione haya, ndugu yangu, hilo ndilo swali kubwa kuliko yote katika mji wowote wa nchi hii, na wazazi wengi hawalisemi mbele ya daktari. Ile insulini ya muda mrefu, inayofanya kazi polepole bila kutegemea mlo, haiachwi hata siku moja, awe anakula au hali, awe mzima au mgonjwa. Kiasi chake ndicho kinachoweza kubadilishwa, naye daktari ndiye anayebadilisha. Ile ya mlo isichomwe mpaka chakula kiwe kimeiva jikoni na umekiona kwa macho yako. Mweleze daktari ukweli wa meza yako kabla Neema hajafika, ili apange dozi kulingana na saa mnazokula kweli.

Mama Neema: Nami nitamfungia viazi na unga wa kutosha juma la kwanza, na mizani nitaituma pamoja naye.

Baba Mdogo wa Lubumbashi: Asante, dada. Nitakwenda kumwona daktari Jumatatu.

Shangazi wa Bagira: Ndugu zangu, nimetoka jikoni. Nimeazima mizani ya jirani anayeuza samaki. Nimesonga bugali la kilo moja ya unga wetu, likawa na kilo 2 na gramu 600, yaani langu ni gumu kuliko la Mama Neema. Mwiko wangu mmoja uliojaa umetoa gramu 90. Jumapili ijayo Neema ale miiko mingapi?

Mama Neema: Bugali lako lina wanga wa gramu 31 hivi katika kila 100. Miiko miwili basi, Shangazi, na sombe kadiri apendavyo. Nitamchoma nikiwa hapo kwako, sufuria ikiwa imeshaipuliwa.

Mama Neema: Ameamka kunywa maji, amesoma ujumbe wako, na anaomba niandike maneno yake kama alivyoyasema: «Shangazi, na sambaza wale wa kukaanga usimpe binamu yangu wote.»