Majina ya wateja, maagizo ya dagaa, masomo ya usiku: vyote vinanitoka kichwani. Nifanye nini kila siku?

Dada wa Mwaloni
Wadau, habari za jioni. Nauza dagaa wa jumla Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, na usiku najiandaa na mtihani wa NBAA (bodi ya wahasibu) wa Novemba. Mteja anajitambulisha, akigeuka tu jina limeshaondoka. Agizo la simu (magunia mangapi, yaende wapi, kwa gari gani) linachanganyika na la mwingine. Na sura niliyosoma mara nne mpaka nikaona imeingia, baada ya wiki ni kama sijawahi kuifungua. Nina miaka 34, pombe situmii, nalala saa sita usiku naamka saa kumi alfajiri. Dawa ni piriton tu kwa ajili ya mafua ya vumbi la dagaa, karibu kila siku. Vidonge vya kuongeza akili sitaki. Nataka mazoea ya kila siku.

Kona ya Nyegezi
Pole na kazi dada. Kwenye majina na maagizo una matatizo mawili tofauti, na dawa zake hazifanani.

Jina halijakutoka, halikuingia. Mtu anasema "naitwa Mabula" huku macho yako yapo kwenye mizani na masikio kwa mbeba magunia. Ubongo haukupewa kitu cha kuhifadhi. Kwa hiyo simama sekunde tatu, mtazame usoni, na umrudishie jina lake: "Karibu kaka Mabula, umetokea wapi?" Kisha lifunge kwenye picha. Kwa Kisukuma mbula ni mvua, basi mwone Mabula amesimama katikati ya dagaa walioanikwa, mvua inampiga, naye anakusanya kwa mikono miwili na wanazidi kulowa. Picha iwe na kitendo. Picha iliyotulia haishiki. Litamke tena baada ya dakika kama mbili wakati unapima, na mara ya tatu ukimuaga. Jioni, kabla hujafungua daftari, jaribu kuwataja wateja wapya wote wa siku hiyo, ndipo uangalie nani amekosekana.

Wengi hukosea kwa kurudia jina mara kumi mfululizo kimoyomoyo. Hilo linashikilia sekunde chache tu, mtu akikuuliza bei limekwisha. Kinachojenga ni ule mwanya kati ya kutaja na kutaja, pale unapolazimika kulitafuta.

Maagizo usiyabebe kichwani kabisa. Mtu anamudu vitu kama vinne kwa wakati mmoja, na agizo moja tayari lina vinne: jina, idadi, mwisho wa safari, gari. La pili likiingia linasukuma la kwanza nje. Daftari liwe moja, lifungwe kwa kamba mezani. Andika simu ikiwa bado hewani, msomee mteja agizo lake neno kwa neno kabla hajakata. Vipande vya karatasi na kuandika kiganjani ndiyo chanzo cha gunia la Geita kwenda Shinyanga.

Kwa jambo la baadaye usijiambie "nisisahau kumpigia dereva". Lifunge kwenye kitu utakachokutana nacho kwa hakika: "Nikishafunga mdomo wa gunia la mwisho, nampigia dereva." Gunia ndilo litakalokukumbusha.

Kadi na Kisanduku
Nashika kwenye masomo. Kusoma mara nne ndiko kunakokudanganya. Macho yanazizoea kurasa, nawe unadhani umeijua sura. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke huko Marekani walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma na waliojaribu kuandika walichokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki ikawa kinyume, na mtihani wako hauko dakika 5 mbele.

Soma ukurasa mmoja au miwili, funika, andika yote unayokumbuka kwenye karatasi tupu. Ukikwama, vumilia nusu dakika kabla ya kufunua. Ule ugumu ndio kazi yenyewe. Kisha funua, sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Hiyo rangi ndiyo orodha yako ya kesho.

Yale ya kukariri yatengenezee kadi. Karatasi ya manila ikate vipande vya saizi ya kiganja, swali mbele, jibu nyuma, kwa lugha ya mtihani. Kadi moja, jambo moja. Mfano wa IAS 2 (kanuni ya kimataifa ya uhasibu kuhusu bidhaa ghalani), mbele: "Bidhaa ghalani hupimwa kwa thamani gani?" Nyuma: "Gharama au thamani halisi ya kuuzia, iliyo ndogo." Halafu jieleze kwa vitu vya pale kwako: gunia limekugharimu, likanyeshewa, sasa kwenye bei ya kuuza ukitoa gharama za kuuzia unabaki na pungufu ya ulichotoa. Basi unaandika hicho kilichobaki, ndicho kidogo. Ukishaona gunia lenyewe huhitaji kulikariri.

Tafuta maboksi matatu ya sabuni. La kwanza unalipitia kila siku, la pili kila baada ya siku 3, la tatu kila wiki. Ukipata, kadi inasogea mbele. Ukikosa, inarudi la kwanza hata kama ilikuwa la tatu. Kadi mpya 8 kwa siku zinatosha. Anayeanza na 40 anazidiwa na marudio ndani ya wiki mbili, anaacha. Usigeuze kadi kabla hujatamka jibu kwa sauti, la sivyo umerudi kwenye kusoma tu.

Sababu ya kupitia boksi la kwanza kila siku ni kwamba usahaulifu mwingi hutokea mapema. Mjerumani Ebbinghaus alilipima hilo kwa kujijaribu mwenyewe na akalichapisha mwaka 1885: kumbukumbu hushuka kwa kasi saa za mwanzo, baadaye taratibu.

Abiria wa Buhongwa
Kwa orodha zenye mpangilio tumia njia ya daladala. Mbinu hii Wagiriki wa kale waliitumia, wao wakizunguka vyumba vya nyumba. Chukua hatua 5 za IFRS 15 (kanuni ya kutambua mapato ya mikataba) na njia ya Buhongwa kwenda mjini. Buhongwa, abiria wanasaini mkataba mpana kama mkeka juu ya boneti. Mkolani, mzee kainua mkono anaapa: ahadi zilizomo kwenye mkataba. Nyegezi, pale stendi, tiketi kubwa kama bango imeandikwa bei. Butimba, sangara anakatwa vipande na kila kipande kina bei yake: kugawa bei kwa kila ahadi. Mkuyuni, mti wa mkuyu unadondosha noti badala ya matunda: kutambua mapato. Panda kichwani mara tatu kwenda, mara moja kurudi.

Orodha nyingine iweke njia nyingine (Furahisha, Kirumba, Pasiansi, uwanja wa ndege). Ukipakia mbili kwenye vituo vilevile siku moja zitagombana.

Muuguzi wa Zamu
Dada, kuna mambo mawili uliyoyataja kwa kupita, nami naona ndiyo mazito.

Saa nne za usingizi hazitoshi. Mtu mzima anahitaji 7 au zaidi, na usingizini ndipo ubongo unapohamisha ya mchana kwenye hifadhi ya kudumu. Ukisoma hadi saa sita kisha ukaamka saa kumi unapanda mbegu na kuing'oa. Soma dakika 40 tu, funga saa mbili na nusu usiku. Mchana jinyooshe dakika 20, isizidi hapo. Kahawa na chai ya rangi mwisho saa nane mchana. Nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa kama saa tano.

La pili ni piriton. Inasinziisha, na inazuia kemikali ambayo ubongo huitumia kuweka kumbukumbu. Usiimeze kila siku kwa mazoea. Muone daktari au mfamasia uulize dawa ya aleji isiyosinziisha, kama cetirizine au loratadine (nazo huwasinziisha baadhi ya watu), na ufunge barakoa unapopepeta.

Tembea pia. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2011 uliwafuata wazee 120: waliotembea dakika 40, siku 3 kwa wiki, kwa mwaka mmoja, sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu iliongezeka kama asilimia 2. Usahaulifu ukiambatana na uchovu usioisha, ganzi miguuni, au huzuni ya wiki nyingi, pima damu, tezi ya shingo na vitamini B12, hasa anayetumia metformin (dawa ya kisukari). Kuchanganyikiwa ghafla, mdomo kupinda au mkono kulegea ni hospitali saa hiyohiyo.

Dada wa Mwaloni
Asanteni sana. Piriton sikuiwazia kabisa, kesho napita duka la dawa. Swali kwa mwenye kadi: ile inayorudi boksi la kwanza kila siku, nifanyeje?

Kadi na Kisanduku
Ikirudi mara nne, ichane. Ama ina mambo mawili ndani yake, ama inafanana na nyingine. IAS 10 na IAS 16, kwa mfano, watu huzichanganya kwa namba tu. Tengeneza kadi mpya inayouliza tofauti: "Ipi ni ya matukio baada ya tarehe ya hesabu, ipi ni ya majengo na mitambo?" Iweke boksi la kwanza, uanze nayo asubuhi kabla ya simu ya kwanza.