Ukarabati wa nyumba ya wazazi Machame: nani awapange mafundi?

Kutoka: Dada yenu wa Reading

Ndugu wanajumuiya, salaam, na wakubwa zangu shikamooni.

Tunakarabati nyumba ya wazazi wetu Machame. Tunabadilisha waya, mabomba na dari, na tunaongeza bafu la ndani ili mama asitoke nje usiku. Nina mafundi watano niliowapata kupitia ndugu mbalimbali, na kila mmoja ninazungumza naye mwenyewe kwa simu nikiwa huku Uingereza. Wiki iliyopita fundi marumaru alimaliza bafu, na siku mbili baadaye fundi bomba akanieleza kwamba mabomba yaliyo chini ya marumaru hizo hayajawahi kujaribiwa kwa maji. Fundi marumaru anasema aliambiwa na mimi aendelee, na ni kweli nilimwambia. Je, nimwajiri mkandarasi, au anatosha msimamizi? Na huyo msimamizi anafanya nini hasa ambacho mimi siwezi kukifanya kwa simu? Tulikusudia nyumba iwe tayari kabla ya Krismasi.

Kutoka: Ndugu yenu wa Moshi, zamani Leicester

Marahaba, dada, na pole.

Nilifanya kazi Leicester kwa miaka 11 chini ya mkandarasi wa ukarabati wa nyumba, na tangu nirudi ninasimamia kazi za namna hiyo hapa mjini na huko juu milimani. Kazi kubwa ya msimamizi ni kuamua nani ashike ukuta leo na nani asubiri, kisha kuangalia kwa macho yake kilichofanyika kabla hakijafunikwa. Hilo la pili ndilo simu isiloliweza. Fundi bomba wako huenda ni hodari, na fundi marumaru pia, lakini hasara imetokea katikati yao, mahali ambapo hakuna hata mmoja aliyelipwa kupaangalia.

Uingereza kazi ya fundi bomba na ya fundi umeme hugawanywa mara mbili. Mara ya kwanza huja kabla ya lipu, wakapitisha mabomba, waya na visanduku vya soketi ukutani, kisha huondoka. Mara ya pili hurudi baada ya lipu kukauka, wakafunga sinki, mabomba ya kuogea, soketi na taa. Mkandarasi huwaita kwa tarehe mbili tofauti, huwalipa kwa mafungu mawili, na katikati ya tarehe hizo hakuna anayeruhusiwa kufunika kitu kabla hakijakaguliwa. Nyumba zetu za tofali na lipu zinafaa kabisa kwa mpango huo. Tatizo la hapa ni kwamba fundi hupatana bei moja ya kazi nzima, kwa hiyo hutaka kumaliza yote kwa safari moja, na asipofanya hivyo huhesabu kurudi kwake kama hisani.

Katika awamu hiyo ya kwanza, mwenye kitu kisichopinda hutangulia. Bomba la maji machafu lina lazima ya mteremko na haliwezi kupanda ili kukwepa kitu, lakini waya unaweza kuzunguka popote. Nimekuta nyumba moja Soweto, hapa Moshi, ambapo fundi umeme alitangulia, akachimba ukuta wa jikoni apendavyo. Fundi bomba alipofika akakuta njia yake imezibwa, akalilaza bomba karibu bapa, na sinki lile mpaka leo hutoa maji kwa kusitasita.

Waya nao una adabu yake. Kule tulifundishwa kwamba waya uliofukiwa ukutani hupanda wima au hulala mlalo moja kwa moja kutoka kwenye soketi au swichi inayoonekana, au hupita ndani ya sentimita 15 kutoka darini au kwenye kona, na kamwe haukatizi ukuta kwa mshazari. Sababu yake utaijua siku seremala atakapotoboa ukuta ili atundike kabati: akiona soketi anajua pa kuepuka. Mwambie fundi wako afuate hivyo, na kabla ya lipu mtu apige picha kila ukuta, futi ya kupimia ikiwa imeegemezwa hapo ili vipimo vionekane. Hakikisha pia kwamba fundi umeme ana leseni ya EWURA, yaani mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji.

Sasa nikueleze jambo dogo ambalo mimi huanza nalo katika kila nyumba. Ninachukua mpira mwembamba wa maji unaopitisha mwanga, tunaujaza maji, tunashika ncha mbili watu wawili, na kwa kufuata usawa wa maji hayo tunapiga mstari wa penseli kuzunguka vyumba vyote, mita 1 kamili juu ya sakafu itakavyokuwa ikiwa imeshawekwa marumaru. Kila fundi anapima kutoka kwenye mstari huo: urefu wa soketi, mdomo wa bomba la sinki, kizingiti cha mlango, mteremko wa bafu. Bila mstari huo kila mmoja hupima kutoka sakafu aliyoikuta siku yake, na sakafu hubadilika. Ndiyo maana unaona milango inakatwa chini baada ya marumaru kuwekwa. Dirisha la aluminiamu nalo lisipimwe kabla ya lipu kukamilika, hata kama fundi wake anakuhimiza umtumie advansi.

Huko Machame mna shida nyingine, nayo ni ukungu na baridi ya Juni na Julai. Lipu haikauki kama ya mjini. Fundi rangi akiharakishwa, rangi huvimba na kubanduka, na lawama humwangukia yeye. Gundisha kipande cha nailoni angavu ukutani jioni, ukizibe pande zote kwa utepe wa gundi, ukitazame kesho yake: ukiona matone ya maji kwa ndani, ukuta bado.

Kuhusu malipo, ninakushauri fundi anayefuata ndiye awe mkaguzi wa aliyetangulia. Fundi marumaru asianze mpaka atamke kwamba ameuona mtihani wa mabomba na ameukubali ukuta, na fundi bomba asipewe fungu lake la awamu ya kwanza mpaka tamko hilo litoke. Mkifanya hivyo, hoja ya «mimi nilikuta hivyo» haina pa kusimama. Zuia pia sehemu kama ya kumi ya malipo ya kila mmoja mpaka nyumba ikaliwe kwa miezi michache.

Na la mwisho, ambalo utaniwia radhi kwalo: ukishampata msimamizi, acha kuwapigia mafundi. Kila unapomwambia fundi mmoja «endelea tu», unavunja ratiba ya wengine wanne ambayo huioni.

Kutoka: Mwanajumuiya wa Njiro, Arusha

Ninaongezea mawili. Kwa kazi ya ukubwa huo msimamizi mwaminifu anatosha, ila mkigusa kuta zinazobeba paa au kuongeza chumba, mtafute mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na muulizie kibali cha ujenzi katika halmashauri. Madaraja ya bodi huanzia la kwanza, ambalo ndilo la kazi kubwa, hadi la saba. Usilipie la juu kwa kazi ya bafu. Jambo la pili, marumaru nunueni zote kwa siku moja, pamoja na za akiba, na mhakikishe namba ya toleo kwenye maboksi inafanana. Mimi niliongeza maboksi mawili baada ya miezi miwili, na sebule yangu ina kona yenye rangi ya maziwa yaliyoganda.

Kutoka: Dada yenu wa Reading

Asanteni sana. Kaka, suala la simu nimelipokea, ingawa limeniuma. Nimewaandikia mafundi wote kwamba kuanzia leo wazungumze na binamu yangu, ambaye anakaa jirani na aliwahi kusimamia ujenzi wa shule. Swali moja limebaki: bafu hilo lililokwisha, nilivunje?

Kutoka: Ndugu yenu wa Moshi, zamani Leicester

Usivunje kitu bado, dada. Kwanza mafundi wazibe ncha zote za mabomba ya maji safi, wafunge pampu yenye geji, wapandishe presha na kuiacha usiku mzima. Kisha wazibe tundu la kutolea maji sakafuni, wajaze maji kina cha sentimita 2 au 3, waweke alama ya penseli na kusubiri saa 24. Sindano ya geji ikisimama na maji yakibaki kwenye alama, umesalimika. Sindano ikishuka, hapo binamu apitishe kitako cha bisibisi akigonga taratibu na kusikiliza, maana marumaru iliyolowa chini yake mara nyingi hulia tofauti na jirani zake, na mwanzie kubandua hapo badala ya kuvunja bafu zima.

Krismasi mnaweza kuifikia kwa bafu na umeme. Rangi iacheni mpaka Januari, kwa kuwa mwezi Novemba kila fundi wa Moshi ana nyumba nne za watu wanaorudi sikukuu, na wewe utakuwa ya tano.