Tupeane uzoefu: kutembelea na kula nje Copenhagen

Mwanzisha mada, Tanga

Salaam ndugu zangu. Desemba narudi Copenhagen, Denmark, kwa mdogo wangu, safari hii na mama yetu mzazi. Aliyewahi kufika atueleze alikula wapi na ilikuwaje. Naanza mimi.

Nilikwenda mwezi wa tano. Metro ya kutoka uwanja wa ndege haina dereva, na kwa robo saa hivi umeshafika mjini. Mchana ule mdogo wangu alinipeleka kula smørrebrød. Ni kipande cha mkate mweusi wa nafaka ya rai (rye), mzito, kimepakwa siagi kisha kikapangiwa vitu juu mpaka mkate wenyewe hauonekani. Hakifunikwi na kipande kingine, na kinaliwa kwa kisu na uma. Kuna mpangilio: unaanza na samaki wa heringi aliyelowekwa kwenye siki na sukari, nyama inafuata baadaye. Yule heringi alinikumbusha achari ya nyumbani, nikaongeza. Cha pili kilikuwa mayai na kamba wadogo. Vipande viwili na kahawa vilinigharimu zaidi ya kroner 200, na sijutii. Ila mama yangu hatakula samaki asiyepita motoni, ndiyo maana nauliza.

Dada wa Mombasa

Kaka, mama atakula, usihofu. Kubwa ni kujua neno moja: svinekød, yaani nyama ya nguruwe. Mimi nilikaa mwezi mzima kwa masomo na neno hilo ndilo lililonilinda, kwa sababu nguruwe yuko pengi usipomtarajia. Zile soseji nyekundu za vibanda vya barabarani, ni yeye. Ile pate ya maini wanayopaka mkate, maini yake. Hata chakula walichokipigia kura mwaka 2014 kuwa chakula cha taifa, stegt flæsk, ni nyama ya nguruwe iliyokaangwa mpaka ikakauka, na mchuzi mweupe wa majani ya pasili. Sema "uden svinekød", bila nguruwe, wataelewa mara moja wala hawatakukunjia uso.

Mpe mama samaki bapa wa kukaanga juu ya mkate, wanamwita rødspætte. Mnofu mweupe, laini, hauna makuu. Na mkitaka nyama ya halali nendeni mtaa wa Nørrebro. Shawarma kila hatua, na utasikia Kiarabu, Kituruki na Kisomali kabla ya Kideni.

Wa Nairobi

Langu ni fupi. Nyhavn, pale penye nyumba za rangi kando ya maji, pigeni picha kisha muende kula kwingine. Mgahawa mmoja pale ulinitoza pesa kwa maji ya bomba, na sikuwa nimeambiwa kabla. Tangu siku hiyo huuliza kwanza. Bakshishi si lazima, huduma imo kwenye bei. Na tafadhali, mama asisimame kwenye njia ya baiskeli. Wanakuja kasi, na wana haki nayo.

Mwanafunzi, mzaliwa wa Dodoma

Shikamoo kaka. Huu ni mwaka wangu wa tatu hapa, na kuna mahali ningependa umpeleke mama kabla ya popote.

Miezi yangu ya kwanza nilikuwa mpweke sana. Ndani ya treni hakuna anayekusalimu, mtu anaweza kukaa karibu nawe nusu saa asikutazame. Nilidhani wananichukia. Kisha jirani akaniambia niende Absalon, mtaa wa Vesterbro. Lilikuwa kanisa, sasa ni nyumba ya watu wote, na kila jioni saa kumi na mbili kuna fællesspisning, kula kwa pamoja. Unakata tiketi mapema, kwa bei iliyo chini sana ya mgahawa. Meza ni ndefu, unakaa na usiowajua. Chakula hakiji sahani kwa sahani, kinaletwa kwenye mabakuli makubwa, na lazima mmoja ampakulie mwenzake. Mzee aliyekuwa mkabala nami alichukua bakuli, akanipakulia mimi kwanza, kisha akaniuliza natoka wapi. Tulizungumza mpaka tukafuta meza wenyewe, maana hiyo nayo ni kazi ya walaji.

Nilirudi chumbani nikalia kidogo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupakuliwa tangu nitoke kwa bibi. Wale wa kwenye treni hawakuwa na chuki, walikuwa wananiachia nafasi yangu. Mezani ndipo mlango unapofunguliwa.

Mara nyingi chakula cha pale hakina nyama, ila ulizeni siku hiyo. Na Desemba jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, kwa hiyo mtakwenda gizani. Mama avae viatu visivyoteleza.

Mwanzisha mada, Tanga

Marahaba mdogo wangu. Umenigusa. Nimemsomea mama maneno yako kwa simu. Ameuliza jambo moja tu: yule mzee bado huenda?

Mwanafunzi, mzaliwa wa Dodoma

Ndiyo kaka, bado huenda. Siku za Jumanne. Mwambie mama nitakaa naye meza hiyo hiyo.