Bili ya simu Marekani: kifurushi dola 120, nimeletewa 169.20. Hizi nyingine ni za nini?

LainiNne
Wakuu habari za leo, naombeni msaada wa kusoma hii bili maana nimekaa nayo tangu asubuhi. Niko Chicago, zamani nilikuwa mtu wa kulipia kabla, unaweka hela unaongea ikiisha basi, sasa mwezi uliopita nikaingia kwenye ule mfumo wa kutumia kwanza kulipa baadaye, laini 4 za familia, kila moja dola 30, kwa hesabu yangu ni 120. Imekuja 169.20!! Nikajua tayari kuna mtoto kapiga nje ya nchi, nafungua ukurasa wa pili hamna simu ya nje hata moja, kuna mistari tu chini ya kichwa "Taxes, fees and surcharges" (kodi, ada na nyongeza): 911, ile namba ya dharura, dola 20, mfuko sijui wa federali dola 7, jimbo na jiji 8.20, halafu kuna "Administrative" (ada ya uendeshaji) dola 14. Hivi kweli serikali inanikata karibu dola 50 kwa simu? Na nikihama kampuni nitapona?

Kitasa
Pole mkuu. Hicho kichwa ndicho kinachowachanganya watu, wamefungia mbuzi na kondoo zizi moja. Ile 14 siyo kodi kabisa. Ni hela ya kampuni yenyewe, 3.50 kwa laini, inaingia kwao kufidia gharama zao za kawaida ambazo kwa akili ya kawaida zingekaa humo humo kwenye ile 30, ila wakiziweka humo tangazo litasomeka 33.50 na nani atalitazama. FCC, mamlaka ya mawasiliano ya hapa, ina kanuni za bili ya ukweli tangu 1999, kampuni hairuhusiwi kukwambia kwamba ada iliyojitungia ni ya serikali. Kwa hiyo ukiwabana kwenye simu wanakiri, ila kwenye karatasi wanaiketisha jirani na kodi halafu wewe unaenda kuitukana serikali 😂

Ule wa dola 7 ni mfuko wa mawasiliano kwa wote, ulitokana na sheria ya mawasiliano ya 1996. Unasaidia mtandao vijijini, shule na maktaba, vituo vya afya vya vijijini, na ruzuku ya simu kwa wenye kipato kidogo. Anayedaiwa kisheria ni kampuni, ila imeruhusiwa kukutupia wewe mzigo, sharti isizidishe juu ya inachodaiwa. Asilimia yake hubadilika kila miezi 3 na miaka hii iko juu ya 30. Usishtuke, inapigwa kwenye kile kipande cha simu za jimbo kwa jimbo na za kimataifa tu, siyo bili nzima, ndo maana umeona 7.

LainiNne
Daah kumbe. Sasa hiyo 911 dola 20 mbona sijawahi kupiga hata siku moja? Mungu atuepushe.

mama_mapacha
Kaka yangu 911 haiangalii kupiga, inaangalia laini. Chicago ni dola 5 kila laini kila mwezi, uongee usiongee, na hiyo ni kati ya zile kali, ukitoka tu nje ya jiji ukiwa jimbo hilihili la Illinois inashuka sana. Hapo ndipo familia tunapoumia, ukiongeza laini kampuni inakupunguzia bei ya kila laini unafurahi, lakini ada ya 911 haina punguzo la familia, ni laini mara 5 kwisha habari. Mtu mwenye kifurushi cha bei ndogo ndo anaumia zaidi maana 5 juu ya 30 siyo sawa na 5 juu ya 80.

Halafu angalia ADRESI. Tangu ile sheria ya mwaka 2000, kodi za simu ya mkononi zinafuata mahali unapoishi na kutumia simu zaidi, siyo ulikonunua simu wala namba inaanzaje. Sisi tulihama Chicago tukaenda Indianapolis, namba tukabaki nazo zilezile za 312, yaani za Chicago, bili nilikuwa nalipa online sifungui hata ile karatasi, kuja kushtuka miezi 11 imepita naichangia 911 ya Chicago nikiwa Indiana. Kosa langu, nilibadilisha adresi ya benki na ya shule nikasahau ya simu. Nilipowapigia wakabadilisha siku ileile ila za nyuma walinirudishia miezi 3 tu.

Kuhusu kuhama kampuni, labda utaikimbia ile 14 pekee. Hizo nyingine zinafuata nyumba yako. Au tafuta kifurushi ambacho bei imeandikwa kodi zote zimo, hapo kodi haijafutwa ila angalau unajua unatoa ngapi.

Kitasa
Kweli kabisa, na kitu kingine kinachowashangaza wengi, ile 8.20 ya jimbo na jiji haijapigwa kwenye 120 nzima. Kuna sheria ya 1998 inayozuia majimbo na miji kutoza kodi huduma ya intaneti, ilikuwa inaongezwa muda mara kwa mara hadi 2016 wakaifanya ya kudumu. Kwa hiyo kampuni inagawa ile 30 yako, kipande cha data hakiguswi, kipande cha kuongea ndo kinakatwa.

Babu wa Analogi
Vijana mnalalamika, sisi tumelipa kodi ya vita. Ile kodi ya simu ya federali ilianza 1898 kugharamia vita na Hispania, vita vyenyewe viliisha mwaka huohuo, kodi ikafutwa ikarudi ikafutwa ikarudi, ikakaa kwenye 3% miaka na miaka. 2006 ndo Hazina ikaacha kuitoza kwenye simu za masafa marefu na za mkononi, ikarudisha hata hela za nyuma, mimi nilijaza fomu nikapata chenji yangu. Imebaki kwenye simu za mezani za ndani ya eneo tu.

LainiNne
Asanteni sana wakuu, babu shikamoo. Nimewapigia. Dada wa huduma kwa wateja nimemuuliza hii 14 ni kodi ya nani, akanyamaza kidogo, akasema "ni ada yetu". Kuipunguza wamekataa. Adresi iko sawa. Ila wakati anazitaja laini mojamoja kafika ya nne nikauliza ya nani hiyo, kumbe ni ile tuliyomkatia mjomba alipokuja kututembelea, mzee kaondoka wiki ya pili, simu iko kwenye droo imezimwa na inalipia 911 dola 5 kila mwezi. Nimeifuta, wakaniambia kwa laini 3 bei inapanda kuwa 35 kila moja 🤦🏾‍♂️ nimekaa chini na kalamu napiga hesabu upya.

mama_mapacha
35 mara 3 ni 105 kaka badala ya 120, na juu ya hapo zimeondoka 8.50 za laini ya mjomba, yaani 5 ya 911 na 3.50 ya kampuni. Umeokoa.