Mafundi, taa ya kiwango cha maji SIO taa ya joto! Nimebadilishiwa spea bila faida wiki tano

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Wiki tano nimeendesha gari huku taa ya kiwango cha kulanti (dawa ya kupozea injini, inayochanganywa na maji) inaniwakia usoni. Si ile ya joto. Mshale wa joto umetulia katikati, gari halijachemsha hata siku moja, na ukifungua boneti unayaona maji yako kati ya MIN na MAX. Sasa fundi anayejua kazi anaanzia wapi hapo?

Wa kwanza alianzia kwenye themostati, ile vali inayofungulia maji ya injini yaende kwenye rejeta. Akabadilisha, taa iko palepale. Akasema basi ni sensa, akachomoa ile iliyo kwenye injini karibu na themostati, akafunga mpya. Taa iko palepale. Ile ni sensa ya JOTO, ndugu yangu! Inapima nyuzi tu, haijui tenki lina maji kiasi gani. Na kulanti iliyomwagika akaifidia kwa maji ya bomba, tena bila kuniuliza. Nimekuja kugundua baadaye, rangi imepauka.

Wa pili hata hakuinama. Mikono mfukoni, akatamka: "Hiyo ni gasketi ya silinda hedi, tufungue." Yaani ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake ili maji na oili visichanganyike. Hajapima presha, hajachomoa kijiti cha oili kuona kama imechanganyika na maji, hajauliza kama maji yanapungua. Hayapungui! Nimeweka alama ya kalamu kwenye tenki na haijasogea wiki nzima. Nikafunga boneti nikaondoka kabla sijasema neno baya.

Nikaamua kujifanyia. Injini ilale kwanza, kwa sababu mfuniko wa tenki ukiufungua ya moto, maji yenye presha yanakurukia usoni. Nikalala chali na tochi ya simu, nikafuata waya kwa kidole. Tenki la akiba la plastiki, chini yake kabisa, mahali ambapo mkono unaingia ukiwa umejikunja na unatoka na mikwaruzo: soketi ndogo ya pini mbili. Hiyo ndiyo sensa ya kiwango. Dakika kumi kuipata, na wataalamu wawili walishindwa.

Kuitoa ni kazi ndogo. Bonyeza kilimi cha soketi, vuta, kisha zungusha sensa robo mzunguko, inashuka. Kwenye gari langu haigusani na maji, inaingia kwenye kishimo kikavu, kwa hiyo hata tone halikudondoka. Ila msikariri hilo. Kuna magari ambayo sensa ni vijiti viwili vya chuma vinavyozama ndani ya maji na kusikilizia kama umeme unapita kati yake. Hiyo ukiichomoa kabla ya kupunguza maji unaoga, na mpira wake wa duara usipoukalisha vizuri itavuja. Vijiti vikishika magamba vinadanganya. Hata ukijaza maji yaliyotoneshwa (yaliyoondolewa madini) matupu vinaweza kudanganya, maana hayapitishi umeme vizuri.

Basi nikanunua sensa mpya, nikafunga. Taa ikawaka.

Hapo nilikaa chini, sikudanganyi. Nikaichomoa ile mpya ikiwa bado na soketi yake, nikaisogezea kisumaku nilichobandua kwenye friji. Nikazima swichi, nikawasha: taa haikuwaka. Nikatoa sumaku, ikarudi. Nikafunga ile ya ZAMANI, nikajaribu vilevile. Taa ikazima! Yaani sensa ya zamani ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza.

Kilichokufa ni boya. Ndani ya tenki kuna boya lenye sumaku, linapanda na kushuka na maji, na sensa inaisikia ile sumaku kupitia plastiki. Boya langu limenyonya maji likazama. Tenki limejaa, boya liko chini, sumaku iko mbali na ncha ya sensa, gari linaamini limekauka. Na boya haliuzwi peke yake! Limefungiwa humo, unanunua tenki zima. Aliyebuni hivi nina maneno naye pia.

Tenki nimefunga mwenyewe jana. Nyonya maji, bana klipu mbili za mipira kwa plaizi, toa, weka. Kulanti nusu kwa nusu na maji, halafu washa injini hita ikiwa kwenye moto hadi mpira wa juu wa rejeta upate joto, ndipo hewa itoke. Ikipoa, angalia tena kiwango. Msiache iliyomwagika sakafuni, ni sumu na ina utamu, mbwa na watoto wanailamba.

Taa imezimika.

Nikampigia fundi wa kwanza, nikamweleza boya na sumaku. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Aa, hayo matenki ndiyo zao, bosi." NDIYO ZAO? Ulikuwa unajua?

Muuza spea naye amekataa kuipokea sensa, eti vya umeme havirudishwi. Ninazo mbili sasa, nzima zote. Mwenye tenki kama langu aje tujaribu, ila kwanza aje na sumaku.