Omu zimegeuka wati: kuhamisha alama za fonti ya Symbol kwenda Unicode

Mwalimu_Nachingwea

Wanajukwaa, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari wilayani Nachingwea. Nilipohamia hapa, mwalimu aliyekuwa anastaafu aliniachia faili zipatazo 300 za Word, zikiwa ni notisi, maswali ya majaribio na miongozo ya kusahihishia, alizozichapa kati ya mwaka 1998 na 2006, na baadhi yake nilizipokea zikiwa bado kwenye disketi. Kazi yake ni safi na sikuona sababu ya kuichapa upya. Mwezi uliopita niliweka faili kumi katika kundi la WhatsApp la kidato cha nne ili wanafunzi wajisomee kwenye simu za nyumbani, na kesho yake nikakuta nusu ya darasa wameandika kwamba rezista ina thamani ya "15 W". Nikawauliza tangu lini ukinzani ukapimwa kwa wati. Mmoja akaninyooshea simu, nami nikaona kwamba ndivyo ilivyoandikwa humo.

Kwenye kompyuta yangu alama ya omu inaonekana vizuri kabisa. Kwenye simu imekuwa W; μ ya kapasita imekuwa m, kwa hiyo mikrofaradi 10 zimekuwa milifaradi 10, yaani mara 1,000 zaidi; λ imekuwa l inayofanana na tarakimu moja; na θ imekuwa q. Mahali pengine, katika faili hiyohiyo, hakuna herufi yoyote ila kisanduku kitupu. Nilijaribu kuiagiza Word ibadilishe kila m kuwa μ, na neno "momentum" likageuka "μoμentuμ" kurasa zote. Nashukuru nilikuwa na nakala ya akiba.

Naomba kujua mambo mawili: kuna njia gani ya kuzitengeneza faili hizi bila kuzipitia moja moja kwa mkono, na kwa nini alama ileile mara inaonekana kama W na mara kama kisanduku?

Steshenari_Mtwara

Mwalimu, pole. Sisi hapa mjini Mtwara, mteja akituletea faili ya namna hiyo, tunaifungua kwenye kompyuta yenye Symbol, tunaihifadhi kama PDF huku fonti ikifungwa ndani yake, na mambo yanakwisha. Simu yoyote itaionyesha sawasawa.

Fundi_Shangani

Mwalimu, salaam. Ushauri wa PDF utakuvusha hadi kesho asubuhi, lakini haugusi chanzo, kwa kuwa mwanafunzi akinakili sentensi kutoka kwenye PDF hiyo na kuibandika kwingine anaweza kupata W ileile. Kinachoonekana kwenye skrini ni kitu kimoja, na kilichohifadhiwa ndani ya faili ni kingine. Kasoro yako iko kwenye hicho cha pili.

Symbol ni fonti ya zama ambazo herufi moja ilihifadhiwa kwa baiti moja, yaani nafasi 256 tu, ambazo hazikutosha kuweka pamoja herufi za Kilatini, za Kigiriki na alama za hisabati. Watengenezaji wakatoa fonti inayotumia namba za Kilatini huku ikichora kitu kingine. Namba 57 ya heksadesimali (hesabu ya kumi na sita-sita, inayotumia pia herufi A hadi F), ambayo katika fonti ya kawaida ni W, Symbol huichora Ω. 6D ambayo ni m huwa μ. 6C ambayo ni l huwa λ. Na 71 ambayo ni q huwa θ. Maana ya alama hapo imegawanyika mara mbili: nusu iko kwenye namba na nusu iko kwenye jina la fonti. Simu ya mwanafunzi haina fonti hiyo, kwa hiyo inasoma namba peke yake, na namba peke yake ni W. Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, huipa kila alama namba yake, hivyo Ω hubaki U+03A9 uichore kwa fonti uipendayo.

Sasa visanduku. Ili fonti za alama zisichanganyike na za kawaida, Windows huzipandisha namba zake hadi kwenye eneo la matumizi binafsi la Unicode, kuanzia U+F020 hadi U+F0FF. Eneo hilo kwa ujumla lina nafasi 6,400, kutoka U+E000 hadi U+F8FF, na Unicode haikuipa maana hata moja kati ya nafasi hizo. Kila mtu hupanga humo atakavyo. Omu iliyohifadhiwa kama F057 ikifika kwenye simu haina mchoro, na simu inatoa kisanduku. Mimi naona kisanduku ni heri kuliko W, maana kisanduku kinakiri kwamba kuna kitu kimepotea, ilhali W inakudanganya kwa macho makavu.

Kuhusu matengenezo, kwanza zihifadhi upya faili zote kama docx kwa kutumia Word yenyewe. Docx ni kifurushi cha zip, na ukikifungua utakuta faili iitwayo word/document.xml. Ndani yake alama hujitokeza kwa sura tatu: zile zilizoingizwa kupitia kisanduku cha alama huandikwa kama elementi ya w:sym, yenye jina la fonti na namba kama F057, nyingine ni maandishi ya kawaida yaliyowekewa Symbol, na herufi zake zimo katika eneo la matumizi binafsi, na za mwisho ni maandishi yaliyowekewa Symbol, lakini herufi iliyohifadhiwa ni W ya kawaida. Hizo za mwisho ndizo zilizowaponza wanafunzi wako. Programu fupi iliyoandikwa kwa lugha ya Python inatosha, mradi ifuate utaratibu mmoja: iulize kwanza jina la fonti ya kila kipande, ndipo itazame namba, ibadilishe kwa kufuata jedwali, kisha ifute jina la Symbol kwenye kipande hicho. Usipolifuta utakuwa umebadilisha mzigo na kuacha lebo ya zamani. Jedwali la Adobe la fonti hiyo limewekwa kwenye tovuti ya Unicode, kwa hiyo huna haja ya kulitunga.

Makro za Word sikushauri. Alama iliyoingizwa kupitia kisanduku cha alama, iwe omu au lamda, makro huiona kama mabano ya kufungua, namba 40 ya desimali, na hutajua ipi ni ipi. Wala usiishie kwenye document.xml, kwa sababu vichwa vya kurasa na tanbihi vina faili zao, na numbering.xml hubeba vitone vya orodha, ambavyo mara nyingi ni F0B7 ya Symbol na vinapaswa kuwa U+2022. Wakati mwingine jina la fonti halipo kwenye kipande chenyewe bali kwenye mtindo wa aya, na hapo inabidi programu ikaulize styles.xml. Jambo hili la mwisho lilinipotezea siku mbili.

Mfamasia_Lindi

Naomba nichomekee neno, ingawa mimi niko kwenye dawa na si kwenye fizikia. Kidonge cha misoprostol huwa na mikrogramu 200. Muhtasari uliochapwa zamani kwa Symbol ukifunguliwa kwenye simu unasomeka "200 mg", na hakuna kitakachomshtua msomaji, kwa sababu miligramu ni kipimo tunachokiona kila siku. W kwenye rezista mwanafunzi makini ataitilia shaka; m badala ya μ haina wa kuitilia shaka. Kwa sababu hiyo, hata faili ikishageuzwa kuwa Unicode, kwenye dozi mimi huandika "mcg" au neno zima, wala siitegemei alama.

Mwalimu_Nachingwea

Nawashukuru wote. Nimelipata jedwali, lakini limenitatiza. Namba 57 ina mistari miwili, U+2126 na U+03A9. Namba 6D nayo inayo miwili, U+00B5 na U+03BC, na 44, ambayo ni delta, ina U+2206 na U+0394. Kwa macho sioni tofauti yoyote. Nichague ipi?

Fundi_Shangani

Chagua za Kigiriki katika zote tatu: U+03A9, U+03BC na U+0394, ila sababu zinatofautiana.

Kwa omu, Unicode inaihesabu U+2126 kuwa ni kitu kilekile na U+03A9, kiasi kwamba programu yoyote inayosawazisha maandishi kwa NFC, utaratibu wa Unicode wa kuzileta alama zilizo sawa kwenye namba moja, itaigeuza bila kukuuliza. Basi anza na ile ambayo utaishia nayo. Kwa mikro, NFC haiigusi U+00B5, na ni usawazishaji mkali zaidi, kama NFKC, unaoipeleka U+03BC. Ukichanganya zote mbili, mwanafunzi akitafuta "μF" katika notisi anaweza kupata nusu ya majibu na asijue kwamba nusu nyingine ipo. Zaidi ya hayo, mzee aliyekutangulia bila shaka alitumia alama hiyohiyo kwa mikro na kwa kizigeu cha msuguano, na Symbol haikutenganisha matumizi hayo, kwa hiyo programu haina namna ya kujua lini alimaanisha lipi. Delta ni kali zaidi: U+2206 hakuna usawazishaji wowote unaoigeuza kuwa U+0394, hivyo ukikosea hapo kosa litabaki mpaka ulirudie mwenyewe.

Iangalie pia phi. Symbol ina mbili, moja kwenye f na nyingine kwenye j, zenye maumbo tofauti. Jedwali linazipeleka U+03C6 na U+03D5, lakini michoro ya mfano ya namba hizo ilibadilishana nafasi katika Unicode 3.0, na jedwali lilifuata mpangilio wa awali. Chapisha ukurasa mmoja, uulinganishe na nakala ya karatasi ya zamani, kisha uamue.

Kamusi_Newala

Tatizo hili si la fizikia peke yake. Sisi tuliokuwa tukikusanya maneno ya Kimakonde huku juu Newala tulitumia SIL IPA93, fonti za alama za matamshi za shirika la isimu la SIL, ambamo sauti ya ng' iliandikwa kwa kubonyeza N kubwa na kuonekana ŋ. Kuhamisha kulifanyika kwa TECkit, programu ya SIL inayosoma faili la ulinganishi na kugeuza maandishi kulifuata, na sehemu kubwa ya kazi ilikwenda bila shida.

Shida ilikuwa kwenye alama za toni. Katika fonti hizo alama moja ya toni ya juu ilikuwa na misimbo kadhaa, kulingana na urefu wa herufi inayoibeba, na yote huenda kwenye U+0301 moja. Mimi nilizoea kupima kazi kwa kuigeuza kinyume na kuilinganisha na faili ya mwanzo. Hapo kipimo hicho kilifeli kila mara, na nilikesha nikitafuta kosa ambalo halikuwepo, kwa sababu misimbo mitatu ikishaingia katika mmoja hairudi kuwa mitatu.

Mwalimu, fanya haraka kabla mtu hajazifungua faili zako na kuzihifadhi kama maandishi matupu. Sisi tuliipoteza sehemu moja kwa njia hiyo: jina la fonti likaondoka, na kila N ikabaki haijulikani kama ni N ya mwanzo wa jina au ŋ. Hapakuwa na programu ya kutusaidia, tukarudi kwa wazee na daftari, neno kwa neno.

Mwalimu_Nachingwea

Narudi na matokeo, baada ya wiki tatu za jioni. Programu niliyoandikiwa na kijana wangu wa zamani aliyeko chuoni ilihesabu alama za Symbol katika kila faili kabla ya kugeuza, ikahesabu alama zilizowekwa baada ya kugeuza, na pale idadi zilipotofautiana ilikataa kuihifadhi faili. Nilimwomba aongeze hatua moja, kwamba mwishoni ipekue kama imebaki herufi yoyote kati ya U+E000 na U+F8FF. Hatua hiyo ilifichua fonti ambayo sikuwa nimeifikiria: Wingdings, kwenye miongozo ya kusahihishia, ambako alama za vema zilikuwa F0FC. Nimeziweka kuwa U+2713, ambayo simu zote nilizojaribu zinaionyesha.

Wingdings hiyohiyo ilinitatulia fumbo jingine. Katika maelekezo ya mitihani ya mzee yule kulikuwa na herufi J peke yake mwisho wa sentensi, na kwa miaka mingi niliamini ni kifupi cha jina lake. Kumbe katika Wingdings J ni uso unaotabasamu, na Word ndiyo iliyokuwa ikiuweka kila alipoandika nukta mbili na mabano. Nimezigeuza zote kuwa U+263A. Sikuwahi kudhani kwamba alikuwa akiwatabasamia watahiniwa.

Zimebaki faili 11 ambazo fomula zake zilitengenezwa kwa Equation Editor ya zamani. Hizo programu haikuzigusa, kwa kuwa fomula imefungwa kama kitu cha peke yake na kinachoonekana ni picha tu, na Equation Editor yenyewe Microsoft iliiondoa katika masasisho ya Januari 2018 kwa sababu za usalama, kwa hiyo hata kuzifungua sikuweza. Wanafunzi wawili wa kidato cha tatu wananisaidia kuziandika upya kwa zana ya fomula iliyomo kwenye Word ya sasa, mmoja akisoma kutoka kwenye karatasi na mwingine akichapa. Wamefika faili ya nne.