Prosesa ya lugha moja: wazo bovu, au lilikuja mapema mno?

Mtoa mada: Wakuu, habari za jioni. Nimechoka kusikia kwamba kutengeneza mashine inayoelewa moja kwa moja lugha ya juu ya programu (ile iliyo karibu na fikra za mtu kuliko maagizo ya chipu) ulikuwa ujinga, eti ndiyo maana kampuni ya Symbolics ilifilisika. Nabisha. Kompyuta yao ya 3600, iliyotoka 1983, ilijengwa kwa ajili ya lugha ya programu ya Lisp. Kila neno la kumbukumbu lilikuwa na biti 36, na baadhi yake zilibeba lebo ya aina ya data. Ukijumlisha vitu viwili, sakiti inaanza hesabu huku ikikagua lebo papo hapo. Visipokuwa namba kamili, kazi inakatizwa na kushughulikiwa kando. Prosesa ya kawaida inafanya ukaguzi huohuo kwa maagizo ya ziada, kila mara. Ujinga uko wapi?

Fundi Saa: Mkuu, umeleta asali ukaficha shubiri. Mbona hujataja prosesa ya iAPX 432 ya Intel, 1981, iliyolengwa kwa lugha ya Ada? Agizo moja lilikuwa na biti 6, jingine hata 321, na halikulazimika kuanzia mwanzo wa baiti. Kulisoma tu jasho! Na prosesa ya 8086, waliyoitoa 1978 kuziba pengo wakiingojea hiyo 432, ndiyo vizazi vyake vimo kwenye laptopu zetu.

Mtoa mada: Nakubali ilikuwa konokono. Ila kompaila yake (programu inayogeuza lugha ya juu kuwa maagizo ya chipu) nayo ina lawama: kila sehemu ya programu ilipoita nyingine, ilitumia wito mzito wenye ulinzi kamili hata pale wito mwepesi ungetosha. Msimtwishe fundi chuma, aliyebuni chipu, makosa yote.

Bibi Kompaila: Wanangu, kompyuta ya Burroughs B5000 ya 1961 ilibuniwa kwa kufuata lugha ya ALGOL 60, na ilifanya kazi vizuri tu. Uzao wake, mfumo endeshi wa MCP, kampuni ya Unisys inauuza hadi leo. Lakini sasa unaendeshwa kwa kuigizwa juu ya prosesa za Intel! Chuma maalumu kimekufa, mfumo umebaki. Kutengeneza chipu ni ghali, na anayeuza nyingi ndiye mwenye hela ya kuiboresha kila mwaka.

Fundi Saa: Hapo umenena, bibi.

Mtoa mada: Sawa, lakini ARM, wabunifu wa prosesa za simu, walipotangaza toleo la 8.3 la muundo wao mwaka 2016, waliweka agizo FJCVTZS, la kugeuza namba ya desimali kuwa namba kamili kwa kanuni za JavaScript, lugha ya kurasa za wavuti. Lugha ya juu kabisa, ndani ya chipu ya simu. Hilo nalo mnaliitaje?

Bibi Kompaila: Kiraka, mwanangu. Agizo moja halifanyi mashine.